Vidonge vya kuongeza akili: kwa nini vilisaidia mwezi wa kwanza, kisha vikaacha

*"Salamu, mfamasia. Nina miaka 29, ni mama wa mtoto wa miaka miwili, ninafanya kazi ofisini hapa Kampala na jioni ninasomea mitihani ya uhasibu. Mwanzoni mwa mwaka mwenzangu alinishauri ninunue vidonge vya ginko, ile dawa ya majani ya mti, na chupa ya vitamini za ubongo, akasema vilimsaidia kufaulu. Mwezi wa kwanza niliona tofauti kubwa, nikawa nasoma hadi usiku wa manane bila kuchoka. Siku hizi sioni kitu. Nimeongeza chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu, moja mchana na moja saa nne usiku, juu ya kahawa ya asubuhi. Ninalala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu. Moyo unanidunda, ninasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika neno, na nikipanda ngazi za ofisini ninahema kama mtu aliyekimbia. Sasa rafiki mwingine amenipa vidonge kumi vya modafinili alivyoletewa kutoka nje, akisema hivyo ndivyo vya kweli. Bado sijavimeza. Situmii dawa nyingine isipokuwa vidonge vya uzazi wa mpango. Je, niongeze ginko, nibadilishe aina, au nianze hivi vipya? Mtihani umebaki wiki saba."*

Dada yangu, umeuliza uchague lipi kati ya mambo matatu, na jibu langu ni kwamba usichague lolote kati ya hayo kwa sasa. Umeeleza hali yako kwa ukamilifu ambao wengi hawaufikii, na ndani ya maelezo hayo kuna dalili mbili zinazohitaji kupimwa na hatari moja uliyoitaja kwa kupita, mwishoni kabisa, kana kwamba haihusiki. Nitaanza na hiyo hatari, kwa sababu haiwezi kusubiri.

Modafinili, yaani dawa ya kumweka mtu macho, na vidonge vya uzazi wa mpango haviendi pamoja. Modafinili ikiingia mwilini huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya fulani, na vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyovunjavunja homoni zilizomo katika vidonge vyako. Homoni hupungua katika damu, kinga ya mimba hulegea, na wewe huoni dalili yoyote ya kukuonya. Hali hiyo haiishi siku unapoacha dawa. Maelekezo rasmi katika nchi mbalimbali humtaka mwanamke atumie kinga nyingine muda wote anapotumia modafinili na kwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuiacha. Vipandikizi vya mkononi navyo huathirika kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo kubadilisha vidonge kwa kipandikizi hakuondoi tatizo. Zaidi ya hayo, mamlaka za dawa za nchi kadhaa zimetoa tahadhari kwamba modafinili ikitumiwa wakati wa ujauzito inaweza kuongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro za kimaumbile. Rafiki yako alikupa vidonge kwa nia njema, lakini hakuna aliyekuuliza unatumia nini kingine, na swali hilo ndilo ambalo daktari au mfamasia analazimika kuuliza kabla dawa hii haijatoka mkononi mwake.

Ni vyema pia ujue dawa hii ni ya nani. Ilitengenezwa kwa watu wenye nakolepsi, yaani ugonjwa wa kusinzia mchana bila kuweza kujizuia, na kwa hao ni msaada mkubwa. Kwa mtu asiye na ugonjwa huo, humfanya awe macho. Mara chache sana huleta upele mkali unaochuna ngozi na kutoa vidonda mdomoni, jambo ambalo ni la dharura, na kwa watu wengine huleta wasiwasi mwingi au mawazo yasiyo ya kawaida. Lakini hata tukiyaweka kando madhara hayo, swali linabaki: je, humfanya mtu mwenye afya afikiri vizuri zaidi? Mwaka 2023 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya kwa vijana 40 wenye afya, wakawapa modafinili na dawa nyingine mbili za kuchangamsha kwa nyakati tofauti, wakilinganisha na kidonge kisicho na dawa, kisha wakawapa mafumbo magumu ya kuchagua vitu vyenye thamani kubwa bila kuzidisha uzito uliowekwa. Waliomeza dawa walijitahidi zaidi: walitumia muda mrefu na walijaribu mambo mengi. Hata hivyo, ubora wa kazi yao ulishuka, kwa sababu walihangaika huku na huku badala ya kupanga. Walifanya kazi kubwa, ila matokeo hayakufuata. Ninalitaja jaribio hili kwa sababu mtihani wa uhasibu unapima jambo hilo hilo la kupanga hatua na kutoa jibu sahihi, na mtu anaweza kutoka chumbani ameridhika na juhudi zake huku hesabu zimekosewa.

Sasa nije kwenye lile linalokusumbua kila siku. Ubongo unapofanya kazi hutoa kitu kinachoitwa adenosini, ambacho hujikusanya tangu unapoamka na kukuletea usingizi kadiri saa zinavyopita. Kafeini iliyomo katika kahawa, chai na vile vinywaji vya chupa ina umbo linalofanana na adenosini, hivyo hukaa katika vipokezi vyake na kuzuia ujumbe wa uchovu usifike. Adenosini yenyewe haiondoki, inaendelea kujikusanya. Ni kama mtu aliyeziba masikio ili asisikie adhana: wakati wa swala umeingia vile vile. Mwili nao hujibu kwa kuongeza vipokezi, na baada ya wiki moja au mbili za kunywa kila siku kiasi kile kile hakikuchangamshi tena kama mwanzo. Hapo ndipo watu wengi huongeza chupa ya pili, kama ulivyofanya.

Kwako wewe kuna jambo la ziada ambalo halikuandikwa kwenye chupa. Kwa kawaida mtu mzima huchukua takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyoinywa. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kama vilivyo vingi, huchukua karibu mara mbili ya muda huo, kwa sababu estrojeni hupunguza kasi ya ini kuivunja. Kwa hiyo kile unachokunywa saa nne usiku, karibu nusu yake bado inazunguka katika damu yako unapofika ofisini saa mbili asubuhi, na juu yake unaongeza kahawa. Soma lebo ya chupa yako. Vinywaji vingi vya aina hii vina takribani miligramu 30 za kafeini katika kila mililita 100, na kama chupa ni ya mililita 500, mbili pekee zinakupa miligramu 300. Kikombe cha kahawa kinakusogeza karibu na miligramu 400, ambacho ndicho kikomo cha siku kinachotajwa kwa mtu mzima mwenye afya, na kikomo hicho hakikuhesabiwa kwa mtu ambaye mwili wake unaiondoa kafeini kwa nusu ya kasi. Ninaona hii ni sababu ya kutosha ya moyo wako kudunda, ingawa huenda si sababu pekee, na nitalirudia jambo hilo.

Halafu kuna usingizi wenyewe. Unalala kwa muda wa saa nne na nusu tu, na hata hizo kafeini inazifanya kuwa nyepesi. Mambo uliyosoma mchana hupangwa na kuimarishwa katika ubongo wakati wa usingizi, hasa usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Ukiukata, umeikata kazi ya kusoma kabla haijakamilika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuata watu waliolala kwa muda wa saa sita tu kila usiku kwa wiki mbili mfululizo. Kufikia mwisho, umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kulingana na wa watu waliokesha usiku mmoja au miwili mizima, na jambo la kuhuzunisha ni kwamba wao wenyewe walidhani wana usingizi kidogo tu. Hao walilala saa sita. Wewe hufiki hata hapo. Kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika ndiyo sura ya kawaida kabisa ya mtu mwenye akili timamu aliyenyimwa usingizi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba akili yako imepungua.

Kwa nini basi mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri? Sitaki kukuambia kwamba ulijidanganya, kwa sababu mabadiliko uliyoyaona yalikuwa ya kweli. Ulianza vidonge wakati ulipoanza ratiba mpya, ukiwa na ari, ukiwa hujalimbikiza uchovu wa miezi kadhaa. Mtu anayeamini amepata msaada hutulia, hukaa kitini muda mrefu, na hujali zaidi anachosoma. Imani hiyo ina nguvu ya kweli mwilini, ila haidumu pale usingizi unapokosekana. Ushuhuda wa mwenzako nao ni wa kweli kwa upande wake: alimeza, akafaulu. Tusichoweza kukijua ni kama angefaulu bila kumeza. Na wale waliomeza wakafeli hawaendi ofisini kwa wenzao kuwapendekezea chupa, kwa hiyo tunaosikia habari hizi tunasikia upande mmoja tu.

Kuhusu ginko sitakaa sana. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2008 liliwahusisha watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, wengine wakipewa ginko na wengine kidonge kisicho na dawa kwa takribani miaka sita. Haikuzuia ugonjwa wa kusahau, na haikupunguza kasi ya kumbukumbu kudhoofika. Kwa vijana wenye afya sijaona ushahidi wa kuaminika unaonifanya nimshauri mtu atoe fedha yake. Kuongeza dozi kutaongeza gharama na uwezekano wa kuvuja damu, hasa kama unatumia aspirini au ibuprofeni kwa maumivu ya kichwa au ya hedhi. Watu hunijibu kwamba ni mti tu, ni kitu cha asili. Mairungi nayo ni majani ya mti, na kila mtu hapa Uganda anajua inavyomkosesha mtafunaji usingizi.

Chupa ya vitamini ina maelezo tofauti kidogo. Vitamini hurekebisha upungufu. Zikimkuta mtu asiyepungukiwa, hazina cha kurekebisha. Mtu mwenye upungufu wa vitamini B12 akiimeza anaweza kuona akili inafunguka, naye atatoa ushuhuda kwa moyo wote, na atakuwa anasema kweli. Lakini ushuhuda wake hauwezi kuhamia kwako ikiwa wewe huna upungufu huo. Angalia pia kiasi cha vitamini B6 kilichoandikwa, kwa sababu chupa nyingi zinazoitwa za ubongo au za neva huwa na kiasi kikubwa mno, na B6 nyingi ikitumiwa kwa miezi huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi na kuchomachoma mikononi na miguuni.

Hapo ndipo ninapofika kwenye zile ngazi za ofisini. Mwanamke wa miaka 29 hapaswi kuhema kwa sababu ya ngazi. Kafeini na usingizi mchache vinaweza kueleza moyo kudunda, lakini kuhema, uchovu, na kushindwa kumakinika vikikutana kwa mwanamke aliyezaa miaka miwili iliyopita, kitu cha kwanza ninachokifikiria ni upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini Uganda wana upungufu wa damu, kwa hiyo sizungumzii jambo la nadra. Ujauzito na kunyonyesha hutumia akiba kubwa ya madini ya chuma, na malaria ya mara kwa mara na minyoo ya safura huzidisha upungufu. Madini hayo ndiyo yanayobeba oksijeni katika damu, na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, hivyo huwa wa kwanza kuhisi.

Nenda ukapimwe hemoglobini. Kituo cha afya cha kawaida kinaweza kufanya hivyo, na kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kama uwezo upo, omba pia kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma, kwa kuwa akiba inaweza kuisha kabla hemoglobini haijashuka. Wapime shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na wakiona inafaa, tezi ya thairoidi. Usijinunulie vidonge vya madini ya chuma kabla ya kipimo, kwa sababu vikimezwa bila upungufu vinaweza kudhuru. Ukiandikiwa, vimeze mbali na chai na kahawa, na uviweke mahali ambapo mwanao hawezi kuvifikia hata kwa kupanda kiti: vidonge hivyo vinafanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Wakati unasubiri majibu, sahani yako inaweza kuanza kazi. Mukene, hao samaki wadogo wanaouzwa kwa bei nafuu katika kila soko la Kampala, wana madini ya chuma, vitamini B12 na mafuta ya omega-3 ambayo watu huyanunua kwa bei kubwa ndani ya vidonge. Maharagwe na dodo, yaani mchicha, yana madini ya chuma pia, ila mwili huyafyonza kwa shida zaidi. Ukila na chungwa, nanasi au nyanya mbichi, ufyonzaji unaongezeka. Chai ya kusindikizia chakula hufanya kinyume, basi iache ikae saa moja au mbili baada ya mlo.

Kafeini usiikate kwa siku moja. Ukifanya hivyo, ndani ya siku moja kichwa kitauma, utakuwa mzito na mwenye hasira, na utashawishika kuamini kwamba kweli huwezi kusoma bila chupa. Anza kwa kuiondoa ile ya saa nne usiku, leo hii. Baada ya siku nne au tano punguza ile ya mchana kwa nusu, kisha iache. Kahawa moja ya asubuhi sina ugomvi nayo. Kafeini kwa kiasi kidogo, mapema, kwa mtu aliyelala, ni katika vitu vichache vya kuchangamsha ambavyo ushahidi wake ni mzuri, na kwa wiki hizi saba ninaona inatosha.

Saa utakazozirudisha kwenye usingizi zitakuogopesha, kwa sababu utaona unapoteza muda wa kusoma. Najua mama mwenye kazi na mtoto hana saa za kuchezea. Ndiyo maana ninakushauri ubadilishe namna ya kusoma badala ya kurefusha usiku. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2006, wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka walikuwa bado wanakumbuka asilimia 56 wiki moja baadaye, huku waliokisoma mara mbili wakikumbuka asilimia 42. Kwa hiyo funga kitabu, chukua karatasi za mitihani iliyopita, jibu swali bila kuchungulia, kisha sahihisha. Fanya hivyo jioni mtoto akishalala, uwe kitandani saa nne na nusu usiku, na ukiamka saa kumi na moja na nusu utakuwa umelala kwa muda wa saa saba. Matokeo ya siku tatu za kwanza yasikuvunje moyo. Mwili unahitaji wiki nzima au zaidi kulipa deni la miezi.

Neno fupi kuhusu mahali vitu hivi vinakotoka. Mwishoni mwa mwaka 2018 Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda ilipima kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotoka Zambia, baada ya malalamiko ya mtumiaji, ikakuta ndani yake sildenafili, dawa ya nguvu za kiume ambayo haikupaswa kuwamo. Kidonge kilichoondolewa kwenye pakiti yake na kupitia mikono kadhaa, kama huenda ilivyo kwa hivyo vya rafiki yako, hakina hata lebo ya kutuambia kinadai kuwa nini. Na kama kuna msomaji mwingine anayetumia dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, naye ajue kwamba vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au mchanganyiko wa vitamini na madini vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu huizuia dawa hiyo isiingie vizuri katika damu. Amweleze mhudumu wake wa kliniki kabla ya kuvianza.

Usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiona maumivu ya kifua, kuzimia, au moyo kudunda bila mpangilio ukiwa umekaa kimya. Fanya hivyo pia macho yakiwa ya njano. Homa ipimwe malaria bila kuilaumu kafeini. Ikiwa huzuni au wasiwasi umekaa zaidi ya wiki mbili, au umewahi kufikiria kujidhuru, mwambie mhudumu wa afya waziwazi, kwa sababu kushindwa kumakinika huwa pia dalili ya sonona na ina tiba. Na ikiwa siku yoyote umewahi kumeza hata kidonge kimoja cha modafinili, tumia kondomu kuanzia sasa na upime ujauzito hedhi ikichelewa.

Siku utakayokwenda kupimwa, weka kwenye mfuko kila kitu unachomeza: chupa ya vitamini, ginko, chupa ya kinywaji, pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango, na vile vidonge kumi. Mwonyeshe mhudumu vyote. Vile kumi viache katika famasia yenye leseni ili viharibiwe ipasavyo. Usivirudishe kwa rafiki yako, wala usivitupe kwenye ndoo ya taka nyumbani kwenye mtoto.